Mnara Ukizungusha Wimbi: Antena za Polaraizesheni ya Duara kwa Televisheni ya Masafa Mapana

Karibu kila anayenitafuta kuhusu antena ya televisheni huanza na swali lile lile: inavuta kiasi gani? Namwelewa. Maboksi ya antena huandikwa desibeli (kipimo cha kulinganisha nguvu) kwa herufi kubwa, na desibeli nyingi zinaonekana kuwa dawa ya kila ugonjwa. Lakini ipo jamii moja ya antena ambayo swali hilo linaipita kando, nayo ni ya polaraizesheni ya duara. Ukizipima kwa nguvu peke yake, mara nyingi zinashindwa na antena ya kawaida ya ukubwa huo huo. Thamani yake iko kwingine: zinabagua mawimbi kwa namna yanavyozunguka, na hazijali wimbi limeinamia upande gani. Nimezijenga na kuzipima, na msimamo wangu ni huu: kabla hujaamua kama antena ya duara inakufaa, chunguza kwanza mnara unaorusha matangazo. Jibu liko kule.

Tuanze na wimbi lenyewe. Wimbi la redio ni uga wa umeme na uga wa sumaku vinavyosafiri pamoja, vikikatana kwa pembe mraba, na vyote viwili vikiikata njia ya safari kwa pembe mraba. Polaraizesheni ni ule upande ambao uga wa umeme unatikisikia. Ukitikisika sambamba na ardhi, tunasema ni mlalo. Ukitikisika juu na chini, ni wima. Antena yenye vijiti vilivyolala hupokea mlalo, na ukiisimamisha hupokea wima. Ukiipishanisha na wimbi, kwa nadharia hupati kitu. Kwa hali halisi unapoteza desibeli 20 hivi, yaani inabaki sehemu moja ya mia ya nguvu uliyokuwa unaipata.

Sasa chukua mawimbi mawili yenye nguvu sawa, moja mlalo na moja wima, kisha licheleweshe moja kwa robo ya mzunguko. La mlalo likiwa kileleni, la wima liko sifuri. La wima likipanda, la mlalo linashuka. Jumla yake haiongezeki wala haipungui, inageuka tu mwelekeo, na kwenye megahezi 500 inazunguka mara milioni 500 kwa sekunde. Hilo ndilo wimbi la duara. Simama nyuma ya antena inayorusha, litazame wimbi likienda zake: likizunguka kama mishale ya saa, ni la kulia, likizunguka kinyume, ni la kushoto.

Nimesisitiza pale pa kusimama kwa sababu pameshaleta taabu kubwa. Usiku wa Julai 10 kuamkia Julai 11, 1962, setilaiti ya Telstar ilivusha picha za televisheni juu ya bahari ya Atlantiki kwa mara ya kwanza, kutoka kituo cha Andover, jimbo la Maine, Marekani. Kituo cha Pleumeur-Bodou kule Ufaransa kilipata picha safi. Kituo cha Goonhilly, Uingereza, kilipata picha hafifu isiyotazamika. Dishi lilikuwa kubwa na zima, wahandisi walikuwa mabingwa, setilaiti ilikuwa ile ile. Kilichowaangusha ni kifaa kidogo katika mlisho wa antena kilichokuwa kimefungwa kwa mzunguko wa kinyume, kwa sababu ufafanuzi wa kulia na kushoto ulikuwa unasomeka kwa namna mbili. Wataalamu wa mwanga kwa desturi hutazama wimbi likiwajia usoni. Wahandisi wa redio hulitazama likienda. Kulia kwa mmoja ni kushoto kwa mwenzake. Kifaa kilipogeuzwa, picha zikaja. Kwa hiyo ukinunua au ukijenga antena ya duara, usiridhike na maandishi ya "kulia" bila kujua mwandishi alisimama wapi.

Hakuna antena inayotoa duara kamili. Mawimbi mawili yasipolingana nguvu, au ucheleweshaji usipotimia robo, ncha ya uga inachora duaradufu. Kipimo chake ni uwiano wa mihimili: mhimili mrefu wa hiyo duaradufu ukigawanywa kwa mfupi, kwa desibeli. Duara kamili ni desibeli 0. Mazoea ya fani ni kukubali hadi desibeli 3, lakini wengi wanaishia kwenye hiyo namba bila kujiuliza inamaanisha nini. Piga hesabu: antena yenye uwiano wa desibeli 3 inaukataa mzunguko wa kinyume kwa desibeli 15 tu. Ukifika desibeli 1, inaukataa kwa karibu desibeli 25. Ukiwa na desibeli 6, umebaki na chini ya desibeli 10, na hapo jina la duara linakuwa pambo.

Kuukataa mzunguko wa kinyume kuna faida gani? Hapa ndipo palipo utamu wa jambo lote. Wimbi linapogonga ukuta wa chuma uso kwa uso na kurudi, uga wake hauachi kuzunguka vile vile ulivyokuwa ukizunguka angani. Kilichobadilika ni upande wa safari. Na kwa kuwa kulia na kushoto tunakuhesabu kwa kufuata safari, wimbi lililokwenda likiwa la kulia linarudi likiwa la kushoto. Kila kuruka mara moja kunaligeuza. Antena iliyotengenezwa kwa ajili ya kulia inalipokea wimbi lililokuja moja kwa moja kutoka mnarani, na inaupunguza sana mwangwi uliogonga jengo. Haihitaji umeme, kompyuta wala programu. Ni umbo la waya tu.

Enzi za televisheni ya analogi, mwangwi ulionekana kwa macho. Watu waliuita kivuli: mtangazaji ana pacha wake hafifu pembeni, upande wa kulia. Mstari mmoja wa picha katika mfumo wa PAL huchorwa kwa mikrosekunde 52 hivi. Wimbi husafiri mita 300 kwa mikrosekunde moja. Basi ukiwa na kioo chenye upana wa sentimita 52, kila sentimita moja ya kivuli ni mita 300 za njia ya ziada. Mtu mwenye rula na ramani angeweza kukisia ni jengo gani au kilima gani kinachomharibia picha. Katika ufundi wote wa televisheni sijui kipimo kingine kilichokuwa wazi hivyo kwa mtu asiye na chombo chochote.

Ndiyo maana katikati ya miaka ya 1970 kituo cha WLS-TV cha Chicago, kilichorusha kwenye chaneli 7, kilifanya majaribio ya kurusha kwa duara. Jiji lenye maghorofa marefu ya chuma ni mahali pa haki pa kujaribia. Mwaka 1977 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu vituo vya televisheni kutumia polaraizesheni ya duara au duaradufu. Kanuni iliweka mlalo kuwa kawaida. Anayetaka duara azungushe kulia, na nguvu ya wima isizidi ile ya mlalo. Kwa kanuni hiyo, kituo kingeweza kubaki na nguvu yake yote ya mlalo na kuongeza wima juu yake, mradi kina mtambo wa kuzalisha nguvu maradufu na antena mpya ya mnarani.

Gharama hiyo ndiyo iliyowasimamisha wengi. Lakini kilichoniuma zaidi kila nilipoisoma historia hii ni upande wa pili. Nyumba ziliendelea kuwa na antena za vijiti vya mlalo. Antena ya mlalo inayopokea wimbi la duara inachukua nusu ya mlalo na kuiacha nusu ya wima. Mwangwi uliogeuka kushoto nao una nusu ya mlalo, na antena inauchukua vile vile. Kwa maneno mengine, ubaguzi wote ambao mnara ulilipia kwa nguvu maradufu unapotea kwenye paa la mtazamaji. Mzunguko unahitaji ncha zote mbili. Waliofaidika na ile nusu ya wima ni wenye televisheni za mezani zenye antena ya kuvuta, ambayo mtu huiinamisha ovyo, na hiyo ni faida ya kweli. Ila siyo ile ya kuua mwangwi.

Ukishaliona hilo utaelewa kwa nini nasema anza na mnara. Kama mnara wako unarusha mlalo mtupu, antena ya duara haiwezi kuutambua mwangwi. Wimbi la mlalo likigonga ukuta linarudi likiwa bado la mstari. Antena yako inalipokea la moja kwa moja kwa upungufu wa desibeli 3, na la mwangwi kwa upungufu wa desibeli 3. Umelipa nusu ya nguvu yako na uwiano wa mwangwi uko pale pale. Wanaouza antena za duara kama dawa ya mwangwi kwa mnara wowote wanakosea, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajatoa fedha.

Hata hivyo, zipo hali mbili ambapo mimi hulipa hizo desibeli 3 kwa moyo mweupe hata kama mnara si wa duara. Ya kwanza ni pale minara inapochanganyika, huu mlalo na ule wima. Uingereza, kwa mfano, minara mikuu ya UHF (bendi ya juu ya televisheni) kwa kawaida hurusha mlalo na ile midogo ya kurudia hurusha wima. Mtu aliye katikati ya maeneo mawili anaweza kutaka yote. Ya pili ni ndani ya nyumba. Wimbi likipenya dirishani, likapita kwenye nondo za zege na kuruka kwenye jokofu, halibaki mlalo tena. Linainama, na kila chaneli inainama kivyake. Antena ya mstari inaweza kuangukia mahali ambapo wimbi limepishana nayo, na desibeli 20 zikayeyuka. Antena ya duara inapoteza 3, iwe wimbi limeinama vipi. Nakubali hasara ndogo ninayoijua kuliko kubwa inayonivizia.

Kuna watakaosema mambo ya mwangwi yalikwisha na analogi. Televisheni ya dijitali ya DVB-T na DVB-T2 inagawa data kwenye maelfu ya mawimbi madogo na kuacha nafasi ya kinga kati ya alama moja, yaani kifungu kimoja cha data, na nyingine. Katika hali ya 8K ya DVB-T (siyo 8K ya ukali wa picha), kwenye chaneli ya megahezi 8, alama moja hudumu mikrosekunde 896, na kinga ya robo ni mikrosekunde 224. Hiyo ni njia ya ziada ya kilomita 67. Mwangwi wowote unaoingia ndani ya kinga hiyo hauchanganyi alama. Ni kazi nzuri sana ya kihandisi, na kwa miangwi mirefu imemaliza mjadala.

Miangwi mifupi ni habari nyingine. Wewe uko chumbani, ukuta wenye chuma uko mita 3 nyuma ya antena. Wimbi linapita, linagonga, linarudi: njia ya ziada ni mita 6, kuchelewa ni sehemu 20 za bilioni za sekunde, yaani nanosekunde 20. Mawimbi mawili yanayopishana hivyo yanajengana kwenye baadhi ya masafa na kubomoana kwenye mengine, na mashimo yanajirudia kila baada ya megahezi 50. Chaneli nzima ina upana wa megahezi 8. Inaweza kuzama yote ndani ya shimo moja, kuanzia wimbi dogo la kwanza hadi la mwisho, na kinga ya mikrosekunde 224 haina msaada wowote, kwa sababu alama hazijachanganyika. Zimedhoofika tu zote kwa pamoja.

Nikiunganisha kichambuzi cha masafa kwenye antena ya ndani, naliona hili bila shaka yoyote. Chaneli ya dijitali inapaswa kuonekana kama meza: mgongo tambarare, kingo zimesimama wima. Ukipitisha mshale kutoka megahezi 470 hadi 694 unakuta meza moja imesimama vizuri, ya pili imeinama upande kama kilima, ya tatu imepasuka katikati, ya nne imezama kabisa. Sogeza antena shubiri moja na iliyozama inaibuka huku iliyokuwa nzima inainama. Mwenye king'amuzi asiye na kichambuzi huona jambo hili hili kwa sura nyingine: anatafuta chaneli upya, anapata kundi moja anakosa jingine, halafu analaumu kituo.

Hapo ndipo masafa mapana na polaraizesheni ya duara vinapokutana. Tatizo la chumbani ni la bendi nzima, kwa hiyo suluhisho lazima lidumu bendi nzima. Tuseme mwangwi una nusu ya volti za wimbi la moja kwa moja. Kilele kinakuwa 1.5 na bonde 0.5, tofauti ya desibeli 9.5. Sasa mnara unarusha duara, na antena yako ya duara inaukataa mzunguko wa kinyume kwa desibeli 15 tu, ile ya uwiano wa desibeli 3. Mwangwi unashuka hadi asilimia 9 ya volti, na tofauti kati ya kilele na bonde inakuwa desibeli 1.6. Meza zimesimama. Nataka kuweka mkazo kwamba hiyo ni antena ya ubora wa wastani tu, siyo ya maabara.

Katika kutengeneza duara, njia inayokuja kichwani kwanza ni antena mbili za Yagi (zile za paani zenye vijiti vilivyopangwa sambamba) zilizokatizana kama msalaba, moja ikicheleweshwa kwa kipande cha kebo chenye robo ya urefu wa wimbi. Ni rahisi, na watu wa redio za setilaiti wanaipenda. Shida ni kwamba kebo hiyo ni robo kwenye masafa mamoja tu. Ukiipimia katikati ya 470 na 694, kwenye kingo inachelewesha nyuzi 73 upande mmoja na 107 upande wa pili badala ya 90. Nilipoipiga hesabu nilifurahi: uwiano wa mihimili kwenye kingo unatoka desibeli 2.7, bado ndani ya mazoea. Kwa UHF ya leo inatosha, ingawa Yagi yenyewe itasumbua kabla ya kebo. Lakini ukitaka antena moja ibebe na VHF, bendi ya chini, kuanzia megahezi 174, kebo ile ile inachelewesha nyuzi 27 tu kule chini, na uwiano unaruka hadi zaidi ya desibeli 12. Duara limekufa.

Suluhisho la bendi pana kweli kweli lilitoka Chuo Kikuu cha Illinois miaka ya 1950. Victor Rumsey alitoa wazo ambalo hadi leo nikilitafakari naliona la ajabu: antena ambayo umbo lake linaelezwa kwa pembe tupu, bila urefu wowote, haina namna ya kujua iko kwenye masafa gani, hivyo itafanya kazi sawa kwenye yote. John Dyson akalitimiza kwa antena za koili zinazopanuka kwa pembe, kwanza bapa, kisha zilizozungushiwa umbo la koni. Koili hizo zinatoa duara zenyewe, bila kebo ya kuchelewesha. Kila masafa hujichagulia pete yake, pale mzingo unapolingana na urefu wa wimbi. Koili bapa ina tabia ya kuvutia: upande mmoja inarusha kulia, upande wa pili inarusha kushoto, maana waya ule ule ukiutazama kutoka nyuma unazunguka kinyume. Koni inaondoa upande mmoja na kuielekeza nguvu kwenye ncha yake.

Kwa televisheni, koni ya kuanzia megahezi 174 inahitaji kitako cha zaidi ya sentimita 55, kwa sababu wimbi la pale lina urefu wa mita 1.72 na lazima lizunguke kitakoni. Kimo chake kinapita mita moja. Ni kubwa, lakini inabeba VHF ya juu na UHF kwa umbo moja. Koili bapa iliyochorwa hivi kwamba chuma na nafasi vinalingana ina ukinzani wa omu 188. Ukiiunganisha kupitia transfoma ndogo ya televisheni ya omu 300 kwa 75, kebo inaona omu 47, na unapoteza robo ya desibeli. Haistahili kukukosesha usingizi.

Chuoni hapo hapo Dwight Isbell na Raymond DuHamel walikuwa na tawi la vijiti, la logi-piriodiki, ambamo urefu wa vijiti hupungua kwa uwiano ule ule kutoka kimoja hadi kinachofuata, na ambalo baadaye lilijaa kwenye mapaa. Hati miliki ya Isbell ilizua kesi zilizofika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1971, chuo dhidi ya kampuni ya Blonder-Tongue, na uamuzi wake bado unasomwa na wanasheria wasiojua hata antena hiyo inaonekanaje. Kwetu sisi la maana ni kwamba logi-piriodiki mbili zikikatizana, unaweza kupata ile robo ya mzunguko bila kebo: panua moja kidogo kuliko nyingine kwa kipeuo cha pili cha uwiano wa vijiti vyake, na ucheleweshaji unajitokeza wenyewe kwenye bendi yote. Mimi naiona kuwa njia bora kwa anayetaka antena ya paani yenye mwelekeo mkali, ila inataka mkono mtulivu wa kupima.

Kwa anayeanza, na kwa UHF peke yake, mapenzi yangu yako kwenye heliksi, koili yenye umbo la springi. John Kraus wa Chuo Kikuu cha Ohio State aliigundua mwaka 1946. Baada ya mhadhara juu ya mirija ya kukuza mawimbi, alimuuliza mgeni aliyeutoa kama koili ya namna ile ingefaa kuwa antena. Mgeni akamwambia haiwezi, amekwisha kujaribu. Kraus akaenda nyumbani akasokota koili ya mizunguko saba yenye mzingo wa sentimita 12, sawa na urefu wa wimbi alilokuwa nalo, akaona nguvu inatoka nchani, tena ikiwa ya duara. Yule mgeni hakudanganya. Tofauti ilikuwa kipenyo. Koili nyembamba hurusha kwa ubavu, na koili yenye mzingo wa wimbi moja hurusha kwa ncha.

Heliksi inafanya kazi mzingo wake ukiwa kati ya robo tatu ya wimbi na wimbi moja na theluthi. Bomba la plastiki la milimita 160 lililosokotwa waya wa shaba wa milimita 4 linakupa mzingo wa sentimita 51 na nusu. Kwenye megahezi 470 huo ni 0.81 ya wimbi, kwenye 694 ni 1.19. Bendi yote ya UHF ya Ulaya na Afrika imeingia, na nafasi imebaki pande zote mbili. Acha sentimita 12 kati ya mzunguko na mzunguko. Mizunguko minane inakuja kama mita moja ya urefu na inakula waya wa mita nne na kidogo. Nyuma weka kiakisi cha bati au wavu wa chuma, sentimita 60 kwa 60. Waya uanzie kwenye pini ya kati ya kiunganishi, ulehemiwe vizuri, na maganda ya nje ya kiunganishi yashike bati. Soketi ikiwa legea hapo, mengine yote ni bure.

Usokotaji wa kulia ni ule wa skurubu ya kawaida, na uzuri wake ni kwamba skurubu haibadiliki ukiigeuza: itazame kutoka ncha yoyote, ni ya kulia. Ukinzani wa heliksi ni kama omu 140, unapanda na kushuka na mzingo. Ukiifunga kwenye kebo ya omu 75 moja kwa moja, asilimia 9 ya nguvu inarudi, hasara ya desibeli 0.4. Wengi hupanua robo ya kwanza ya mzunguko kwa ukanda wa shaba uliokaribia bati ili kushusha ukinzani. Kwa kupokea tu, mimi naona si lazima. Kwa mizunguko minane tarajia desibeli 10 hadi 12 kwa wimbi la duara. Fomula ya zamani ya Kraus inatoa namba kubwa kuliko vipimo vinavyoonyesha, basi usiichukue kama ahadi.

Jambo moja kuhusu mwangwi linasahauliwa hata na waandishi wazuri. Kugeuka kwa mzunguko kunatokea wimbi likigonga uso kwa uso au karibu na hapo. Likiparaza ardhi kwa pembe ndogo kuliko ile ya Brewster (pembe ambapo wima karibu hauakisiwi), mlalo na wima vyote vinapinduka pamoja, na wimbi linaendelea na mzunguko wake ule ule, likiwa duaradufu. Mwangwi wa ardhini kutoka mnara wa mbali ni wa aina hiyo. Antena ya duara haitauzuia. Na mwangwi ulioruka mara mbili umegeuka mara mbili, kwa hiyo unaingia kama mwenyeji.

Mnara wako je, utaujuaje? Chukua dipoli (antena ya vijiti viwili) au Yagi ndogo ya kawaida, toka nje mahali peupe unapouona mnara au upande wake bila kizuizi, ielekeze, kisha izungushe kwenye mhimili wake kutoka mlalo hadi wima ukisoma nguvu ya chaneli moja baada ya nyingine. Nguvu ikianguka desibeli 15 au 20, mnara ni wa mstari. Ikicheza desibeli mbili, ni wa duara. Ikicheza sita hadi kumi, ni wa duaradufu, kama vituo vingi vya Marekani vilivyoongeza sehemu ya wima kwa ajili ya wapokeaji wa ndani na wa njiani. Usilifanye jaribio hili chumbani, kuta zitakudanganya, na usitegemee asilimia za king'amuzi, maana kila kiwanda kina asilimia zake. Kipimo cha desibeli, hata kidogo cha mkononi, kinatosha. Heliksi nayo unaijaribu hivyo hivyo kwa mnara wa mstari: izungushe kwenye mhimili wake, na kile kiasi ambacho nguvu inacheza ndicho uwiano wake wa mihimili. Ikivuka desibeli 3, angalia kwanza mzunguko wa mwisho kule nchani na umbali wa mzunguko wa kwanza kutoka kwenye bati.